Daktari wa Mazoezi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naiandika kwa herufi kubwa, na barua yote nitaiandika hivyo hivyo, si kwa sababu nakuona umezeeka, ila najua macho yanakusumbua na sitaki mtu mwingine akusomee. Isome mwenyewe pale dirishani, kwenye cherehani, ambako mwanga ni mzuri. Ukichoka pumzika, kunywa maji, kisha uendelee. Nakuomba usiiweke kando kabla hujafika mwisho.

Hujambo lakini? Kidonda cha kisigino kimeanza kufunga, au bado unakificha ndani ya soksi? Siku zote nikikuuliza hali unanijibu sijambo, ukiniuliza nami nakujibu sijambo, tunaachana hapo kila mtu na yake moyoni. Safari hii nijibu kweli, Baba, hata kama ni kwa kumnung'unikia Dada. Mama Mdogo naye anaendeleaje na kifua chake? Na zile sare za shule, umezimaliza au wazazi bado wanakuja kukusimamia kichwani? Mimi mwili wangu ni mzima. Nakula na nalala. Ila nimejaa kinyaa, kinyaa cha kweli kama cha mtu aliyekanyaga kitu gizani, na ndicho kilichonikalisha kitako kuandika.

Barua hii ameibeba Shemeji, anayesafiri leo mchana. Ningeweza kupiga simu, lakini kwenye simu hunisikilizi. Unauliza kama nimekula, unaniombea heri, unakata ukihofia salio langu. Na maneno haya si ya kukatwa katikati.

Unakumbuka kikundi chetu cha maigizo kilivyokufa. Mwenye ukumbi aliugeuza ghala la saruji, na sisi tukatawanyika, huyu kauza viatu, yule kaenda kuchunga watoto wa watu. Mimi nilizunguka mjini mpaka visigino vya viatu vikalala upande. Ndipo rafiki mmoja akaniambia kuna chuo kinachofundisha vijana kazi ya kuuza dawa na virutubisho, wale wanaovaa tai na kubeba mikoba wakienda kwa madaktari na maduka ya dawa, na kwamba chuo hicho kinatafuta mtu wa kuigiza. Nilicheka. Nikaenda.

Chuo chenyewe ni ghorofa ya pili juu ya duka la vigae. Ukipanda ngazi unakuta ukumbi wenye viti vya plastiki, ubao mweupe, na mashine ya maji inayogugumia kama tumbo lenye njaa. Pembeni wamejenga chumba kwa mbao nyembamba, upande mmoja kioo, ndani wakaweka meza, kitanda cha kupimia wagonjwa, kabati la vioo lenye maboksi matupu ya dawa, na koti jeupe limetundikwa mlangoni. Hicho ndicho chumba cha daktari. Mwenye chuo, ambaye wanafunzi wanamwita Kocha, aliniangalia nywele zangu zenye mvi hapa mbele, akanisikiliza sauti, akanivisha koti, akasema nimezaliwa na koti hilo. Koti lilikuwa la mtu mnene. Mabega yalining'inia, na mgongoni walilibana kwa vibanio vya kuanikia nguo ili mbele lionekane limenikaa. Wewe ungelia.

Kazi yangu ilikuwa kukaa mle ndani na kuwa daktari. Wanafunzi waliingia mmoja mmoja kujizoeza kuniuzia, wenzao wakitazama kupitia ukuta wa kioo. Kila asubuhi Kocha alinipa tabia ya siku hiyo. Leo ni daktari mwenye haraka. Kesho ni daktari anayependa sifa. Keshokutwa ni daktari aliyechoka anayetaka mtu wa kumlalamikia. Juu ya meza kulikuwa na picha ya watoto wawili kwenye fremu, watoto nisiowajua, ili wanafunzi wajifunze kuiona na kuniuliza watoto hawajambo. Nami nilijibu kwamba mkubwa ameanza sekondari. Baada ya muda nikawapa wale watoto tabia zao, na siku moja nilijikuta nawawaza nikiwa njiani kurudi nyumbani.

Sitakudanganya, mwanzoni nilifurahi. Nilikuwa kwenye jukwaa tena. Na kulikuwa na mafunzo ya maana. Mama mmoja mfamasia alikuja asubuhi kufundisha jinsi dawa inavyoingia mwilini, inavyopita kwenye ini, dawa gani hazipatani, kwa nini mtu asiache vidonge vya presha au vya sukari eti kwa sababu siku hiyo anajisikia vizuri. Alifundisha kwa ukali, bila kuchekacheka, na vijana walimwogopa. Aliwaambia muuzaji mzuri wa dawa ni yule anayejua pia kusema kwamba dawa yake haimfai mgonjwa huyu. Kuna vijana waliomwelewa. Wengi wao walikuwa wamesoma, wakakosa ajira, na hii ndiyo kamba pekee waliyoiona ikining'inia.

Mmoja wao tulimwita Taratibu, kwa sababu ya kigugumizi. Alikuwa amesomea kazi za maabara. Mara ya kwanza alipoingia chumbani kwangu alikwama kwenye neno "daktari" mpaka jasho likamtoka, mimi nikavunja igizo nikamwambia avute pumzi. Nilimpenda. Alikuwa hawezi kupiga chuku. Nikimuuliza kama dawa yake ina madhara, aliyataja yote, mpaka yale madogo, na wenzake nyuma ya kioo wakajishika vichwa. Nilimwona kama mtu atakayefukuzwa, nikamsikitikia.

Kocha hakumfukuza. Kocha ni mtu mwenye macho, hilo nampa. Alimsimamisha mbele ya darasa akawaambia wenzake wamtazame vizuri, kwa maana mtu akikwama, msikilizaji humsaidia kumalizia sentensi, na sentensi uliyoimalizia mwenyewe unaiamini kuliko ya kuambiwa. Kuanzia siku hiyo akamfundisha mahali pa kukwama. Aseme, unga huu utakufanya u... u... kisha anyamaze. Mteja atamalizia mwenyewe: upone. Na muuzaji hatakuwa ametamka lolote. Darasa likapiga makofi. Mimi nilikuwa nimeegemea mlango wa chumba changu na koti langu la vibanio, nikarudi ndani.

Baada ya hapo mambo yaligeuka haraka. Kampuni moja ya virutubisho ilikuja na fedha na makopo. Saa za mfamasia zikapunguzwa, halafu zikafutwa, na mahali pake pakawekwa somo la tabasamu. Usicheke. Waliuma kalamu kwa meno ukumbi mzima, wakitazamana, mate yakiwatiririka kidevuni, ili misuli ya mashavu izoee. Waliuma kalamu zile zile kila siku. Mfamasia alikusanya vitabu vyake, akaniaga mimi tu, akanipa namba yake ya simu, akasema nikichoka kuwa daktari nimtafute.

Makopo yenyewe yalikuwa na unga wa rangi ya maziwa yaliyochacha. Ukifungua unapata harufu ya ndizi, lakini ndizi ambayo haijawahi kuuona mgomba. Unga ule uliganda kwenye vidole, kwenye meza, kwenye kola ya koti. Nilikuwa narudi nyumbani naoga, nalala, naamka na harufu ile puani. Nilimuuliza Kocha unatibu nini. Akanishika bega, akaniambia kwa upole kabisa, "Neno 'tiba' lina polisi wake. Sisi tunasema 'husaidia'." Basi ukawa unasaidia sukari, unasaidia presha, unasaidia macho, magoti, nguvu za kiume, na akili za watoto darasani. Kila kitu unga mmoja. Wanafunzi waliimba orodha hiyo asubuhi kama watoto wa chekechea.

Sasa unga hauuzwi kwa daktari, unauzwa kwa mgonjwa. Kwa hiyo Kocha alinivua koti akaniambia sasa nitaigiza wagonjwa. Aliwaambia wanafunzi wasipoteze muda kutafuta ugonjwa wa mtu, watafute hofu yake. Ugonjwa una dawa yake hospitali, alisema, hofu haina, na hapo ndipo sisi tuna duka.

Hapa, Baba, ndipo naanza kuona haya, naomba unisikilize.

Alinipa mgonjwa wa sukari, mzee, anayefanya kazi ya mikono. Akasema anataka mtu wa kweli, si mgonjwa wa kuchora. Unanijua nilivyo kwenye kazi. Sijui kuigiza mtu hewani, lazima nimpate mtu ninayemjua. Nikakuchukua wewe. Nilikaa kwenye kile kiti cha mbao nikaweka mguu juu ya stuli kama unavyoweka. Nikaishika sindano isiyokuwepo, nikaiinua kuelekea dirishani, nikalamba ncha ya uzi, nikakosa tundu, nikakosa tena, kisha nikajifanya nakohoa na kumwita mtoto aliye karibu anitilie uzi, eti mimi mikono imeshika kazi. Vile unavyofanya, ukidhani hatuoni. Na mwanafunzi aliponiuliza ninaogopa nini, nikajibu kwa sauti yako kwamba siogopi kufa, naogopa kukaa nyumba yenye cherehani nisiyoweza kuitumia.

Ukumbi ulinyamaza. Binti mmoja alilia. Kwa mtu wa kazi yangu hakuna zawadi kubwa kama ukimya ule, na mimi niliupokea, nikainama, nikaenda kunywa maji nikiwa na furaha. Wewe hujawahi kuniambia maneno hayo. Niliyaokota nilipokuwa nakutazama, nikayapeleka pale nikayamwaga mbele ya watu wenye kalamu. Waliandika. Mchana Taratibu alikuja kukaa na mimi kwenye ngazi, akaniuliza kwa kukwamakwama kule kwake nimejifunzia wapi ile ya kukosa tundu la sindano. Nikamwambia ni baba yangu, fundi cherehani, sukari ndiyo inamharibu macho. Akasikitika. Aliniuliza unatumia vidonge gani, nikamtajia, akasema ni vizuri, usiache. Alisema hivyo kwa kinywa chake.

Siku chache baadaye alikuja mpiga picha. Kocha akaniambia ni picha za kitabu cha mafunzo, nivae tena koti. Wakalibana mgongoni, wakanipa kile kifaa cha kusikilizia moyo nikivae shingoni, na kopo mkononi. Mpiga picha aliligeuza kopo mara kadhaa mpaka maandishi yakatazama mbele. Nilijiuliza kitabu cha mafunzo kina haja gani na maandishi ya kopo. Nilijiuliza, halafu nikatabasamu kama nilivyoambiwa. Siwezi kusema nilijua. Siwezi pia kusema sikujua.

Ikaja siku ya mtihani wa mwisho. Ukumbi ulipambwa kwa bango la kampuni, wageni wakaketi mbele na chupa zao za maji, wakubwa wenye viatu vinavyong'aa na marashi yaliyopigana na ile harufu ya ndizi. Mwanafunzi bora angepewa kazi papo hapo na eneo lake la kuuza. Mimi nilirudishwa kwenye udaktari. Nilitakiwa niwe daktari mgumu, nikatae mwanzoni, nibishe kidogo, kisha nilainike na kukubali kuwaambia wagonjwa wangu watumie unga. Ndivyo nilivyoelekezwa, na ndivyo nilivyofanya kwa wale waliotangulia. Kila mmoja alinivisha kilemba cha ukoka, akaniuliza hali ya watoto wa kwenye fremu, akatabasamu tabasamu la kalamu. Nililainika kwa kila mmoja.

Wa mwisho aliingia Taratibu. Suti ya kuazima, nywele zimechanwa, mikono haitetemeki. Alipoketi, sijui nini kilinipata. Nikaacha maneno niliyopewa. Nikamwambia nina swali moja tu.

"Nina baba ana sukari," nikasema. "Ni fundi cherehani. Akinywa unga wako, aache vidonge?"

Alinitazama. Baba, alijua. Hakuna mtu mwingine mle ndani aliyejua, lakini yeye alijua kwamba sikuwa naigiza, na alijua jibu, kwa sababu mfamasia alimfundisha, na kabla ya mfamasia alifundishwa maabara. Nilikuwa nangojea akwame. Nilimwombea akwame.

"Daktari," akasema, maneno yakitoka laini kama mafuta, hakuna hata silabi moja iliyomnasa, "wazee wengi wamevipumzisha vidonge vyao, na leo wanatia uzi kwenye sindano wenyewe."

Nikamwambia atoke nje. Nilisimama nikamwambia kwa sauti yangu, si ya daktari, atoke mbele yangu. Unajua wageni walifanya nini? Walipiga makofi. Walidhani ni sehemu ya mtihani. Kocha alisimama akawaeleza kwa fahari kwamba hivyo ndivyo tunavyowapa vijana wetu madaktari wagumu kuliko watakaowakuta huko nje, na kijana hakutikisika. Taratibu akapewa nafasi ya kwanza. Nilifungua vibanio, nikaliacha koti kwenye kitanda cha wagonjwa, nikatoka kupitia katikati yao, na mmoja wa wale wakubwa akanipa mkono kunipongeza. Mkono wake ulikuwa na joto na unyevu. Niliufuta wangu kwenye sketi mpaka barabarani.

Kijana alinifuata kwenye ngazi. Kigugumizi kilikuwa kimerudi. Alisema ana mke mjamzito, alisema ule ulikuwa mtihani tu, halafu akaniuliza, "U... u... ulitaka niseme nini?" Nilishuka ngazi nikamwacha. Si kwa kumdharau. Nilikuwa nimegundua kwamba Kocha alimfundisha namna ya kusema, lakini mahali pa kugusa nilimwonyesha mimi.

Nilidhani yameishia hapo. Nilikaa chumbani kwangu nikifua nguo zilizonuka ndizi, nikiwaza pa kuanzia upya. Ndipo Dada akanipigia simu.

Alisema duka la pale kwenu kona wamebandika karatasi kubwa ukutani, na kwenye karatasi ni mimi, nimevaa koti jeupe, nimeshika kopo. Alisema umelinunua kopo. La kwanza limekwisha, uko kwenye la pili. Alisema vidonge vyako viko kwenye droo ya vifungo tangu wiki ya mwisho ya mwezi uliopita, umevifunga kwenye kitambaa. Alipojaribu kukuambia kwamba mdogo wake si daktari, ulimkaripia ukamwambia ana wivu. Ukampeleka mpaka dukani, ukamsimamisha mbele ya picha, ukamsomea kwa sauti maneno yaliyo juu ya kichwa changu. Naye alinisomea mimi kwenye simu.

"Unashindwa kutia uzi kwenye sindano?"

Akaniambia ulimgeukia ukasema, "Nani mwingine angejua habari za uzi, kama si mwanangu?"

Ulisema kweli, Baba. Hakuna mwingine aliyejua. Ni mimi niliyewaambia. Lakini sikuwaambia kwa ajili yako. Hofu yako niliwaigizia vijana darasani ili wanishangae, wao wakaichukua wakaiweka kwenye bango, wakaibandika mpaka mlangoni kwako. Ulidhani mwanao amekukumbuka kutoka mbali. Ilikuwa ni watu wanakuuzia woga wako mwenyewe, na uso wangu juu yake. Mimi si daktari. Sijawahi kusomea udaktari hata siku moja. Niliwahi kukuandikia kwamba nafanya kazi na watu wa dawa, ukawaambia majirani nafanya kazi na madaktari, nikaacha ipite kwa sababu ilikupendeza. Lile ni koti la mazoezi, chumba cha mbao, na watoto wa kwenye fremu si wa mtu yeyote.

Nilikwenda kwa Kocha. Nilimwambia abandue picha zangu kila mahali, nikamweleza habari zako bila kuficha. Alinisikiliza vizuri sana, kichwa kimeinama upande, kama anavyofundisha. Akasema picha ni mali ya kampuni, hana uwezo nazo. Akanipa pole ya mzee. Kisha akafungua kabati, akatoa kopo, akasema nikupelekee, hili ni bure, la familia. Nililitazama lile kopo mkononi mwake na nilitapika, Baba, sikufika hata dirishani. Nilitapika kwenye kapu lake la karatasi. Akaita mtu wa usafi huku bado anatabasamu.

Nikaingia mitaani kubandua mwenyewe. Duka la kwanza tu mwenye duka alinikamata mkono, kisha akaniangalia usoni, akawaita wateja wake waje wamwone daktari mwenyewe amekuja. Nikawaambia mimi si daktari, ni mwigizaji, unga huo hautibu kitu. Wakacheka. Mama mmoja akanisogezea mtoto wake, akaniomba nimtazame tu ulimi, hali chakula. Niliwaambia tena, nikawaambia kwa kuapa. Yule mama akamwambia mwenzake kwamba madaktari wakubwa huwa hawapendi kujulikana. Nimembandua mimi mmoja ukutani, wamebaki mimi wengi.

Ndiyo maana nakuandikia kwa mkono wangu, kwa mwandiko unaoujua tangu nikiwa darasa la kwanza. Karatasi ya dukani umeiamini. Iamini na hii.

Nilimtafuta yule mfamasia. Alinigombeza kwanza, nilistahili, halafu akanipa maneno ya kukuambia, nami nayaandika kama alivyoyasema. Kopo hilo uliache leo. Lina sukari ndani yake, nyingi, imeandikwa nyuma kwa maandishi madogo ambayo wewe usingeweza kuyaona. Kesho asubuhi uende kliniki ya sukari upimwe, na kidonda ukifunue mbele ya nesi, usimwambie ni malengelenge ya kiatu. Vidonge urudie kipimo kile kile ulichoandikiwa, usimeze maradufu eti kufidia siku ulizoacha, hiyo nayo ni hatari. Ukihisi kiu isiyoisha, au kichwa kizito, au macho kufifia zaidi, usisubiri kesho, mwite Dada akupeleke saa hiyo hiyo. Alisema pia kwamba macho yaliyoharibiwa na sukari yana daktari wake, wa kweli, na kwamba yakiwahiwa kuna linalowezekana. Hakusema yatapona. Nilimpenda kwa hilo.

Dada aliniambia umenunua kitambaa cheupe. Alisema kitu pekee kilichokukera kwenye ile picha ni mabega ya koti, kwamba huwezi kuacha mwanao avae koti la kuning'inia mbele za watu, na kwamba umeanza kukata jipya kwa vipimo vya kukumbuka. Sikuweza kuendelea na simu baada ya hapo. Kama umeshakata, acha hapo hapo ulipofika. Usimpe mtu akutilie uzi kwa ajili ya koti hilo.

Nakuja Jumamosi. Nitakaa mpaka tuchokane. Ukitaka kuninunia, ninunie, nina hakika utaninunia, na ukitaka kunisema mbele ya Mama Mdogo nitakaa chini uniseme. Majirani wakiuliza daktari yuko wapi, waambie wenyewe waje waniulize, nitawajibu. Siji na kitu mkononi, kazi nimeacha na nyingine sijapata, lakini mikono yangu bado ni mizima na macho yanaona vizuri. Sare za shule zilizobaki, niachie sindano nizitie uzi mimi, nyingi tu, nizipange kwenye mto wa sindano kila asubuhi kabla hujaamka.

Nisalimie Mama Mdogo, na Dada umwombe radhi kwa niaba yangu na kwa niaba yako, maana alisema kweli peke yake. Wape salamu mafundi wenzako wa barazani, na yule mzee wa mkabala ambaye Dada anasema naye amenunua kopo kwa kukufuata wewe. Msomee barua hii. Msomee yote, na sehemu ya mwisho umsomee mara mbili.

Nabaki mimi,

Mwanao wa mwisho, ambaye si daktari.